Ujuzi wa daktari huzeeka wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari wa wodi ya watoto, nina miaka 15 kazini. Mwezi uliopita kwenye raundi niliandika sindano ya atesuneti kwa mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali, miligramu 2.4 kwa kila kilo, kama nilivyozoea. Daktari tarajali akasema, mbele ya mama wa mtoto na wauguzi, kwamba dozi hiyo ni ya zamani. Nikamwonyesha karatasi ya dozi iliyobandikwa ukutani, tukaendelea na raundi. Usiku nikatafuta, nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nikapiga simu wodini wairekebishe dozi, lakini tangu siku hiyo sina raha. Semina nahudhuria, pointi za kuhuisha leseni ninazo zote, wagonjwa nimeona maelfu. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Sasa nijifunze nini tena, na kwa muda upi, mtu akitoka zamu ya usiku? Na yule kijana nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, daktari. Nianze na dozi yenyewe kabla sijaja kwako. Shirika la Afya Duniani liliipandisha mwaka 2015: mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa kuwa kwa dozi ya 2.4 damu ya mtoto mdogo hubaki na dawa pungufu kuliko damu ya mtu mzima. Kwa mtoto wako ni miligramu 36 badala ya 28.8. Watoto wengi walipona kwa dozi ya zamani, na wewe umewaona kwa macho yako wakikaa kitandani siku ya tatu na kuanza kucheza. Kwa hiyo wodi haikukwambia lolote. Ilikuonyesha watoto wanaopona, nawe ukaridhika, kama ambavyo daktari yeyote angeridhika.

Usijilaumu kwa uvivu, maana uvivu sio uliokuponza. Ulipoanza kazi, malaria kali kwa mtoto ilitibiwa kwa kwinini. Ndiyo uliyofundishwa chuoni, na waliokufundisha walifundishwa hiyo hiyo. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425: kati ya waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100, kati ya waliopewa atesuneti 8.5. Mwaka uliofuata mwongozo ukabadilika, nawe ukaiacha kwinini. Ulijifunza, tena kwa wakati wake. Ila ulipokwisha kujifunza ulikiweka kile kipya pale pale ilipokuwa kwinini, miongoni mwa mambo yaliyokwisha kujulikana, na miaka 4 baadaye kikazeeka kikiwa hapo hapo bila wewe kukigusa.

Ile methali naipenda, na nusu yake naiamini kabisa. Mkono unaoupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji hauzeeki. Jicho linalomwona mama amenyamaza kupita kiasi, likajua kuna jambo hajalisema, halizeeki. Mambo hayo huongezeka kadiri miaka inavyokwenda, na hakuna tarajali atakayekukuta huko. Kinachozeeka ni kile tunachokiandika kwenye faili: dozi, dawa ya kwanza, kipimo cha kutangulia, nani alazwe na nani arudi nyumbani. Shida ni kwamba vyote viwili tunaviita uzoefu, na heshima ya kile cha kwanza tunakivisha hiki cha pili.

Nikusimulie la kwangu. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeingia kwenye mshtuko, viganja na nyayo za baridi, moyo unakimbia, amiminiwe maji ya dripu kwa haraka. Nilifundishwa hivyo. Vitabu vilisema hivyo. Na nilikuwa na ushahidi nilioushuhudia mwenyewe mamia ya mara: unafungua dripu, saa haijaisha viganja vimepata joto, mtoto anafumbua macho. Mwaka 2011 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wa namna hiyo. Wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo, hao wana taratibu zao, na naomba asitokee mtu akachukua habari hii akamnyima maji mtoto anayeharisha. Baadhi ya watoto wale walimiminiwa maji haraka, wengine wakapewa taratibu, kiasi cha mahitaji ya mwili tu. Ilipotimia saa 48, waliomiminiwa walikuwa wamekufa kati ya 10 na 11 katika kila 100. Wasiomiminiwa walikuwa wamekufa 7. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake.

Lililoninyima usingizi lilikuja baadaye, watafiti walipozichambua takwimu upya. Walipoiangalia saa ya kwanza peke yake, walikuta waliomiminiwa maji ndio waliotoka kwenye mshtuko kwa wingi zaidi, 43 katika kila 100 dhidi ya 32 kwa wale wengine. Yaani macho yangu hayakuwa yamekosea. Viganja vilipata joto kweli. Nilikuwa nikiliona joto lile, nikasaini faili, nikaenda nyumbani nikiwa na moyo mweupe, na baadhi ya watoto wakafa baadaye kwenye zamu ya mwenzangu, na kila mtu akasema ni malaria.

Hata ningefanya kazi miaka 100 nisingeligundua jambo hilo peke yangu. Fanya hesabu: wodi ikilaza watoto 40 wa aina hiyo kwa mwaka, madhara ya dripu ni kifo kimoja cha ziada, pengine viwili, na kila kifo kina maelezo yake tayari. Huyu aliletwa usiku. Huyu damu ilichelewa. Huyu wazazi walipitia kwingine kwanza. Uzoefu hufundisha pale jibu linapokuja upesi, na linapomjia mtu yule yule aliyetenda. Daktari wa upasuaji akifunga mshipa vibaya, damu inamwambia hapo hapo. Kwenye dozi na uchaguzi wa dawa jibu huchelewa, huchanganyika na mengine, au humfikia mwingine. Ukikaa mahali pa namna hiyo miaka 15, uhakika wako unaongezeka kila mwaka, na hakuna anayejua kama usahihi nao umeongezeka.

Hili limepimwa. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walikusanya tathmini 62 zilizolinganisha miaka ya daktari kazini na ubora wa tiba anayoitoa. Zaidi kidogo ya nusu zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka inavyopanda, na kushuka huko kulikuwa katika kila kipimo kilichotumika. Wapo waliolisoma hilo wakasema basi wazee wapishe. Mimi silisomi hivyo. Mwaka 2017, pia Marekani, walichambua vifo vya wagonjwa wazee waliolazwa, wakaona vinaongezeka kiasi kadiri umri wa daktari unavyopanda. Ila kwa madaktari wanaohudumia wagonjwa wengi, tofauti ya umri haikuonekana. Mvi si ugonjwa wa akili ya daktari. Aliye katikati ya kazi, anayeguswa na wenzake na kusahihishwa nao kila siku, anaonekana kubaki mkali.

Sasa nijifunze nini, umeuliza.

Kwanza acha kuzihesabu semina. Pointi za leseni zina kazi yake na uzitafute, lakini usizichukulie kuwa ndiyo elimu. Tangu mwaka 1999 tunao uchambuzi mzuri unaoonyesha kwamba mihadhara peke yake, ile ya kukaa na kusikiliza, haibadilishi anachokifanya daktari akirudi kwa mgonjwa. Mafunzo yanayomtaka ajibu, ajaribu na arudie ndiyo yanayobadilisha. Umeshakaa kwenye kumbi hizo na mimi pia, tunajua jinsi mtu anavyotoka na begi jipya na mazoea yale yale.

Mtaala wako uko wodini. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2014 yalikuta kwamba daktari hujiuliza swali kama moja kwa kila wagonjwa wawili anaowaona. Nusu ya maswali hayo huyaacha yapotee. Yale anayoyafuatilia, kwa sehemu kubwa hupata jibu: karibu 8 katika kila 10. Takwimu hizo ziangalie vizuri, kwa sababu zinatia moyo kuliko inavyodhaniwa. Majibu yapo, ila hatuyaendei. Kwa hiyo beba daftari dogo mfukoni, na swali likikujia mbele ya mgonjwa, liandike kwa maneno machache kabla hujahamia kitanda kingine: mtoto huyu anahitaji dawa hii siku 5 au 7? kipimo hiki kikitoka hasi niamini? Usiyatafute yote. Chagua mawili kwa juma, yale ambayo jibu lake lingebadilisha utakachomfanyia mgonjwa kesho, mengine yasamehe. Kwa mwaka ni maswali 100, yote yametoka kwa wagonjwa wako, na hakuna ukumbi utakaokupa kitu kama hicho.

Ukiyatafuta, anza na mwongozo wa matibabu wa karibuni, kisha mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi, na utafiti mmoja mmoja uje mwisho. Hazina ya muhtasari wa tafiti za tiba iitwayo PubMed iko wazi bure kwa yeyote tangu 1997. Na kama hospitali yako iko katika nchi ya kipato cha chini, muulize anayeshughulikia maktaba kuhusu HINARI, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaofungua maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Nimekutana na madaktari waliofanya kazi miaka mingi kwenye taasisi yenye ruhusa hiyo, na hakuna aliyewahi kuwaambia nywila.

Ukishasoma, funga. Chukua karatasi tupu uandike dozi na hatua kwa kichwa, kisha fungua ulinganishe. Wanasaikolojia wa Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojitahini baada ya kusoma walikumbuka zaidi, juma moja baadaye, kuliko waliorudia kusoma. Kudurusu kwa macho kunatupa hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayotuangusha.

La pili ni gumu zaidi, nami nalitilia mkazo kuliko lile la kwanza: fuatilia walikoishia wagonjwa wako. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Boston, alikuwapo daktari wa upasuaji aitwaye Ernest Codman aliyeshikilia kwamba kila mgonjwa afuatiliwe hadi ijulikane kama tiba ilimfaa, na kama haikumfaa itafutwe sababu. Aliichapisha orodha ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kutoka hospitali yake ndogo kati ya 1911 na 1916, na makosa 123 aliyoyatambua katika kuwahudumia. Ilimgharimu sana kati ya wenzake. Mimi naona hakuna daktari aliyeelewa vizuri kuliko yeye kwa nini uzoefu mtupu haufundishi: majibu huwa hayaturudii, kwa hiyo ni lazima tuyaendee.

Huhitaji orodha ya wagonjwa 337. Kila juma chagua watoto 3 ambao hukuwa na hakika nao, uliowaruhusu au uliowapa rufaa. Andika namba ya faili, sio jina. Andika ulichodhani wanaumwa na kwa nini. Baada ya mwezi tafuta kilichotokea: piga simu kule ulikowapeleka, muulize mama akirudi kliniki. Na kila miezi mitatu toa mafaili 10 ya ugonjwa mmoja unaoutibu sana, yaweke pembeni ya mwongozo wa sasa, hesabu. Mangapi yalipata dozi sahihi? Mangapi yalipimwa sukari? Ukiweza, mwenzako ahesabu yako nawe uhesabu yake, maana sote tuna huruma na mwandiko wetu. Kama zoezi hili lingefanyika wodini kwako mwaka 2016, dozi ya zamani ingetoka ndani ya alasiri moja.

Yale yanayotokea kwa nadra lakini yakitokea hayasubiri, kama kumsaidia kupumua mtoto mchanga aliyezaliwa kimya, hayahitaji daftari, yanahitaji mikono. Ustadi wa kufufua pumzi na moyo huanza kushuka miezi michache tu baada ya mafunzo, wakati cheti kinasema miaka miwili. Marubani wa ndege za abiria hurudishwa kwenye mashine ya kuigiza urukaji kila baada ya miezi kama sita, hata mwenye saa maelfu angani. Dakika 10 na mdoli wa mazoezi kila mwezi, wewe na wauguzi wa zamu, zitafanya zaidi ya siku nzima hotelini mara moja kwa mwaka.

Nakuonya kuhusu jambo moja, kwa sababu nimeona wenzangu walioumia kama wewe wakienda upande wa pili, wakawa kila jipya ni lao. Wachambuzi walipitia jarida moja kubwa la tiba la Marekani la miaka 2001 hadi 2010, wakakuta tafiti 363 zilizopima mambo ambayo tayari madaktari walikuwa wakiyafanya. Katika 146 jambo lile lilionekana halisaidii au linadhuru. Mengi ya hayo nayo yaliwahi kuwa mapya, yakapokewa kwa kuwa yaliingia akilini. Unakumbuka zile dawa za kutuliza mapigo ya moyo yanayoruka baada ya shambulio la moyo? Karatasi ya kipimo cha moyo ilitulia vizuri, hadi utafiti wa mwaka 1989 ulipoonyesha kwamba mbili kati ya dawa hizo ziliwaua wagonjwa zaidi. Ukisikia jipya uliza: wagonjwa walikufa wachache, waliumwa siku chache, au ni kipimo tu kilichopendeza? Na kama anayelitangaza ndiye anayeliuza, subiri mwongozo.

Kuhusu muda, sitakwambia usome ukitoka zamu ya usiku. Ukitoka zamu, lala. Daktari aliyechoka akisoma haelewi, na kesho yake anakosea dozi ambayo anaijua. Kujifunza kwa kazi hii kunapaswa kuingia ndani ya saa za kazi, na ni haki kumdai mganga mfawidhi muda huo kama tunavyomdai glavu. Dakika 20 za kikao cha asubuhi, mara moja kwa juma, zitengwe kwa swali moja kutoka daftari la mtu mmoja. Mkiwa madaktari wanne, zamu yako inakuja mara moja kwa mwezi. Hilo wodi yoyote inaliweza.

Nije kwa yule kijana. Mtafute, umwambie wazi kwamba alikuwa sahihi, na umwambie hilo mbele ya wauguzi wale wale, kwa sababu kesho kuna muuguzi atakayeona kosa akapima kama inafaa kusema. Tarajali akikurekebisha tena, sema: nionyeshe ulipoisoma. Mara nyingine atakuwa amekosea, na mtagundua pamoja mkiwa mmesimama pale pale, bila aibu kwa yeyote. Mama wa mtoto hatakudharau ukisema ngoja nihakikishe. Nimelisema neno hilo mbele ya wazazi kwa miaka mingi, na wengi huonekana kupata nafuu kulisikia.

Halafu kikao cha kwanza cha asubuhi mpe yeye. Aandae karatasi mpya ya dozi za atesuneti, ya walio chini ya kilo 20 na ya waliotimiza kilo 20 na zaidi, nawe uipitie dhidi ya mwongozo namba kwa namba. Ile ya zamani ibandueni siku hiyo hiyo, na mtazame kama kuna nakala yake kwenye chumba cha dharura, kwenye droo ya wauguzi na kwenye simu za watu. Chini ya karatasi mpya aandike imetoka mwongozo wa mwaka gani, tarehe iliyobandikwa, na tarehe ya kuangaliwa tena, isizidi miezi 12. Na mbele ya tarehe hiyo ya mwisho liandikwe jina lako.